Frontinus, Mama na Maji ya Wizi

Bomba la kwanza nililolikuta Roma halikuwa na koki. Lilikuwa limesimama pembeni ya barabara, kigogo cha chuma kifupi kama mtoto wa darasa la pili, na kwenye pua yake iliyopinda maji yalikuwa yanatoka tu, yanaingia kwenye tundu chini, basi. Nililizunguka mara mbili nikitafuta pa kufungia. Hapakuwapo. Bibi mmoja Mwitaliano akanisogelea, akaziba mdomo wa ile pua kwa kidole, maji yakaruka juu kupitia kitobo kidogo kilichotobolewa mgongoni mwake, akanionyesha kwa mkono kwamba ndivyo watu wanavyokunywa, akaenda zake. Alidhani sijui kunywa. Mimi nilikuwa nataka kufunga.

Wenyewe wanayaita nasoni, yaani mapua. Yalianza kuwekwa mwaka 1874, na maji yake hayafungwi usiku wala mchana. Sasa mimi nimelelewa na mwanamke aliyekuwa akiuza maji ya ndoo uani kwetu, uswahilini, Dar es Salaam. Kwetu kuacha bomba likimwaga lilikuwa kosa la kuchapwa. Nilikuwa Roma kwa mafunzo ya siku nane, na kila nilipopita kwenye pua mojawapo nilikuwa naumia kidogo, mahali fulani chini ya mbavu. Maumivu hayo ndiyo yaliyonipeleka kusoma habari za mifereji ya maji ya Warumi wa kale, kwa sababu nilitaka kujua huu ukarimu wa kumwaga ulianzia wapi.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba hawakuanza kujenga kwa sababu walikuwa wanakufa kwa kiu. Kwa hesabu yao wenyewe mji ulikaa miaka 441 ukinywa maji ya mto Tiber, ya visima na ya chemchemi. Mfereji wa kwanza ulikuja mwaka 312 KK, na umebeba jina la Appius Claudius, mkubwa yuleyule aliyeipa jina barabara ya Via Appia. Lakini aliyezitafuta chemchemi zenyewe alikuwa mwenzake kazini, Gaius Plautius, ambaye watu walimbandika jina la Venox kwa kuwa alikuwa anaijua mishipa ya maji ardhini. Kilichotokea ni hadithi ya ofisini ambayo kila mmoja wetu ameshaiona. Appius akamfanya mwenzake aamini kwamba muda wao umekwisha na wote wawili watang'atuka. Plautius akang'atuka. Appius akabaki, akavutavuta muda mpaka mfereji ukakamilika, na ukaitwa Aqua Appia. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu hotelini.

Baada ya hapo ni fedha za vita. Mfereji wa pili, Anio Vetus, ulianza mwaka 272 KK kwa nyara walizopata kwa kumshinda mfalme Pyrrhus. Wa tatu, Aqua Marcia, ulianza mwaka 144 KK, miaka miwili tu baada ya Roma kuiteketeza Carthage upande mmoja wa bahari na Corinth upande mwingine. Maji ya Marcia yalikuwa baridi na safi, yanasifiwa kuliko yote. Yale ya Anio Vetus yalikuwa ya matope, mwishowe yakaachiwa bustani na kazi nyingine chafu. Mwaka 19 KK Agrippa, mkwewe Augustus, akaleta Aqua Virgo hadi kwenye eneo alilojenga bafu zake. Maji ya Virgo mpaka leo yanafika mjini, ndiyo yanayomwagika pale Trevi watalii wanapotupa sarafu. Na mwaka 2 KK Augustus mwenyewe akaleta Aqua Alsietina, yenye maji mabaya yasiyofaa kunywewa, kwa sababu alikuwa amechimba ziwa la kuchezea maigizo ya vita vya merikebu. Naam. Mfereji mzima kwa ajili ya maigizo.

Kwa hiyo ukiniuliza ile mifereji ilikuwa ya nini, nitakwambia: ya kunywa, ndiyo, lakini pia ya bafu za umma, ya chemchemi za mapambo, ya bustani za wakubwa, ya kuzisafisha karo za mji kwa maji yaliyozidi, na ya kumfanya fulani akumbukwe. Maji yenyewe hayakuwa na pa kusimama. Mfereji unaotelemka kutoka milimani hauna koki kubwa ya kuufunga jioni. Yakishatoka kwenye chemchemi lazima yafike mahali, na yakifika lazima yaendelee. Ile pua ya barabarani ilikuwa inafuata desturi ya zaidi ya miaka elfu mbili.

Siku ya Jumamosi hatukuwa na darasa. Nikapanda treni ya chini kwa chini hadi kituo cha Giulio Agricola, nikatembea mpaka kwenye bustani ambako matao ya Aqua Claudia bado yamesimama, marefu, yamechakaa, watu wanakimbia mazoezi chini yake na mbwa wao. Ni kitu cha kukutoa machozi, sikatai. Ila matao yanatudanganya. Sehemu kubwa ya mifereji hii haionekani kabisa. Aqua Marcia ilikuwa na urefu wa hatua 61,710 za Kirumi, yaani kilometa 91 hivi, na katika hizo zaidi ya hatua 54,000 zilikuwa chini ya ardhi. Matao yalijengwa pale tu ardhi ilipoangukia chini, hasa karibu na mji, ili maji yasipoteze kimo. Kazi yenyewe, ile ngumu, ilikuwa gizani: mtaro wa mawe uliopigwa plasta isiyopitisha maji, unaotelemka kidogo kidogo usiku na mchana.

Na huo mteremko ndio uliomshinda akili mjinga mimi. Mfereji wa Nîmes, kule Ufaransa, ambao sehemu yake ndiyo lile daraja maarufu la Pont du Gard, una urefu wa kilometa 50 hivi na katika safari yote hiyo unashuka mita kumi na mbili na kitu tu. Gawanya mwenyewe: ni wastani wa sentimita 25 kwa kilometa. Ukikosea kidogo kwenda juu, maji yanasimama. Ukizidisha kwenda chini, yanakimbia na kuchimba mtaro. Hawa watu walikuwa na timazi, kamba, na meza ndefu ya mbao ya futi 20 iliyochongwa mfuo juu yake, ukimimina maji kwenye mfuo unaona kama imelala sawa. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chao.

Wakati mwingine walikosea, tena vibaya. Hadithi ninayoipenda kuliko zote iko Afrika, kule Saldae, ambako leo ni Béjaïa, Algeria. Fundi wa jeshi aliyeitwa Nonius Datus alichora njia ya handaki la maji kupita katikati ya mlima, akawaachia watu wachimbe kutoka pande zote mbili wakutane katikati, akaondoka. Miaka ikapita. Akaitwa tena haraka: wachimbaji wa huku na wa kule walikuwa wameshachimba urefu unaozidi upana wa mlima na hawajakutana. Njiani majambazi wakamvamia, wakampiga, wakamvua nguo, akafika akiwa uchi na majeraha. Alipokagua akakuta kila upande umepinda kwenda kulia kwake, kwa hiyo wamepishana humo ndani kama magari. Akawapanga upya, mabaharia upande huu, askari wasaidizi upande ule, akawashindanisha, na handaki likatoboka. Tunayajua haya kwa sababu aliyachonga mwenyewe kwenye jiwe, karibu miaka 1,900 iliyopita, na juu yake akaandika maneno matatu: subira, ushujaa, tumaini. Nimeripoti miradi mingi ya maji katika kazi yangu. Sijawahi kukabidhiwa ripoti ya mradi ambayo mhandisi anakiri alivyokutwa uchi.

Lakini miji mikuu ina tabia yake ya kuandika. Nilipotoka bustanini nilikwenda Porta Maggiore, lango kubwa ambako Aqua Claudia na Anio Novus zilikuwa zinaingia mjini, moja imepanda mgongoni mwa nyingine. Ukiangalia pembeni unaziona njia zote mbili za maji, tupu. Usoni mwa lango kuna maandishi matatu, moja juu ya jingine. La juu ni la mfalme Claudius, mwaka 52: nimeleta maji haya kwa gharama zangu. La katikati ni la Vespasian, mwaka 71: maji aliyoyaleta Claudius yalikatika na kuharibika kwa miaka tisa, nimeyarudisha kwa gharama zangu. La chini ni la Titus, mwaka 81: mfereji ulikuwa umeanguka tangu kwenye chanzo chake, nimeujenga upya kwa gharama zangu.

Nilisimama pale tramu zikipita na nikapiga hesabu. Mradi wa miaka kumi na minne, tangu mwaka 38. Ukafanya kazi miaka kumi. Ukafa miaka tisa. Ukafufuliwa, na miaka kumi baadaye ukafufuliwa tena. Uzinduzi mara tatu, mkanda umekatwa mara tatu, na kila mwenye mkasi anasema fedha ni zake.

Jioni hiyo nikatafuta nani mwingine ameandika kuhusu maji haya, mtu asiye mfalme, na ndipo nikakutana na mzee Frontinus.

Sextus Julius Frontinus alikuwa mtu mzito. Aliwahi kuwa gavana wa Uingereza (aliyempokea kiti kule ni Agricola, huyohuyo wa kile kituo cha treni), alikuwa pia ameshakuwa konsuli, na mwaka 97 mfalme Nerva akampa ofisi ya maji ya mji wa Roma. Akaandika kitabu kidogo kuhusu kazi hiyo. Mifereji yenyewe ilikatwa na Wagothi walipouzingira mji mwaka 537. Kitabu kikanusurika katika monasteri ya Monte Cassino, mpaka Poggio Bracciolini, msaka vitabu, alipokikuta huko mwaka 1429. Nilikisoma kwenye simu, kwa Kiingereza, nikakianza kwenye ndege ya kurudi na kukimalizia kwenye daladala la Mbagala.

Niseme ukweli, si kitabu cha kumpa mchumba. Kuna kurasa za vipimo vya mabomba, kimoja baada ya kingine, zinazoweza kumlaza punda. Na mzee ana majivuno. Anayadharau mapiramidi ya Misri kwamba ni makubwa bila kazi, ukilinganisha na mifereji yake. Lakini ana kitu ambacho mimi kama mwandishi wa habari nilikipenda papo hapo. Anasema aibu kubwa kwa mtu mwenye heshima ni kuendesha ofisi kwa kuambiwa tu na wasaidizi wake. Kwa hiyo alitoka ofisini. Alikwenda kwenye vyanzo, akaifuata mifereji, akapima.

Akafungua vitabu vya ofisi. Kipimo chao kilikuwa kwinaria, bomba lenye upana wa sentimita mbili na kidogo. Vitabu vilisema maji yanayoingia kwenye mifereji yote tisa ni kwinaria 12,755. Vitabu hivyohivyo vikasema maji yanayogawiwa ni kwinaria 14,018. Yaani yanayotoka ni mengi kuliko yanayoingia. Wangapi wamepita kwenye ile ofisi kabla yake, wakaiona hesabu hiyo, wakaweka saini? Frontinus akaenda kupima kwenye vyanzo, akakuta maji yanayoingia yanazidi yaliyoandikwa kwa kwinaria kama 10,000. Sasa hesabu ikageuka. Kama yanaingia mengi kiasi hicho, na yanayogawiwa ni 14,018, hizo elfu kumi ziko wapi?

Akaanza kuzitafuta, na hapo kitabu kinageuka kuwa kile ambacho sisi chumba cha habari tunakiita stori. Akakuta wenye mashamba kandokando ya njia wameutoboa mfereji wamwagilie bustani. Akakuta mafundi wa serikali wamechezea vipimo vinne vya mabomba: mawili makubwa wanayopokelea maji wameyapanua, mawili madogo wanayogawia wameyabana. Wanapokea kwa kubwa, wanatoa kwa dogo, chenji inabaki mfukoni. Akakuta kwamba mtu akihama na haki yake ya maji ikampata mwingine, fundi anamtobolea mpya tundu jipya kwenye tangi, na lile la zamani halizibi. Anauza maji yake mwenyewe. Akakuta watumwa 700 wa ofisi ya maji, 240 wa umma na 460 wa mfalme, wengi wanapelekwa kufanya kazi za watu binafsi, akawarudisha na kuanza kuandika kila mmoja kesho atafanya nini.

Na akakuta mtu mmoja wa ajabu. Chini ya mawe ya barabara za mji, mji mzima, kulikuwa na mabomba ya siri ya risasi yanayopeleka maji kwenye biashara za watu. Aliyekuwa anayasimamia alikuwa na cheo kabisa, watu wanamjua: bwana wa matundu. Yaliponyofolewa, risasi iliyopatikana peke yake ilikuwa rundo la maana.

Hapo nilizima simu, nikaangalia nje ya dirisha la daladala. Nyumbani kwetu alikuja bwana wa matundu.

Nilikuwa darasa la tano. Alikuja giza likiingia, na jembe, msumeno wa chuma na bomba jeusi la plastiki limezungushwa begani kama chatu. Mama alimlipa nusu, nusu nyingine mwisho wa mwezi. Walichimba mimi nimeshika kurunzi. Alipofika kwenye bomba kuu aliniambia nizime taa, akafanya kazi kwa vidole, na maji yalipomrukia usoni akacheka kimya kimya kama mtu aliyetekenywa. Asubuhi tulikuwa na bomba uani. Halikuwa na mita.

Mtaa mzima ulikuwa unatembea mbali kutafuta maji. Kuanzia siku hiyo ulikuja kwetu. Mama aliuza kwa ndoo na kwa dumu. Daftari la madeni lilikaa kwenye kopo la maziwa. Palikuwa na foleni, matusi, ndoo zinasogezwa mwenyewe akiwa hayupo. Siku ya msiba mtaani maji yalikuwa bure mpaka wafiwa wamalize matanga. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ile koki. Sare. Nauli ya kwenda chuo. Sikumbuki hata siku moja nikiliona kama wizi. Lilikuwa bomba la Mama.

Ninachotaka kusema sasa sijawahi kukiandika mahali. Miaka saba iliyopita niliandika makala ya ukurasa mzima kuhusu wizi wa maji mjini. Nilikuwa kijana, nataka ukurasa wa mbele. Nilikuwa na takwimu ya upotevu wa maji, na ilikuwa kubwa, inatisha. Sasa upotevu, kwa lugha ya watu wa maji, ni tofauti kati ya kinachozalishwa na kinacholipiwa. Ndani yake kuna mabomba yaliyopasuka chini ya ardhi, kuna mita mbovu, kuna kukosea hesabu, na kuna walioiba. Hayo yote niliyajua, yalikuwa kwenye ukurasa wa pili wa karatasi niliyopewa. Nikaandika kwamba maji yote hayo yameibwa. Neno moja fupi, linakaa vizuri kwenye kichwa cha habari.

Wiki chache baadaye ikapita operesheni ya kukata maunganisho haramu. Sina ushahidi kwamba makala yangu ndiyo iliyoiamsha, na najua nalisema hili kwa faida yangu. Mtaani kwetu walifika saa nne asubuhi. Bomba jeusi lilivutwa kutoka ardhini refu kuliko nilivyolikumbuka. Mama hakunipigia. Niliambiwa na jirani. Nilipofika jioni nilimkuta amekaa barazani na lile gazeti langu, alikuwa amelikunja akilitumia kupepea mbu.

"Kwa hiyo," akasema, "aliyekusomesha ni mwizi."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kama nimeelewa. Baadaye nililipia maunganisho halali, mita ikafungwa, bili inakuja kwa jina lake. Hatukulizungumza tena.

Kwa hiyo niliporudi kwenye kitabu cha Frontinus nilirudi kwa jicho jingine, na nikaona nilichokipita mwanzo. Mzee alipima mdomo wa bomba. Hakupima kasi ya maji. Anajua kabisa kwamba maji yanayokwenda mbio hujaza zaidi ya yanayotambaa, analisema mwenyewe, lakini hesabu yake haina mahali pa kuliweka jambo hilo. Ndiyo maana zile kwinaria 10,000 haziwezi kutuambia kwa uhakika ni maji kiasi gani. Kuna wizi humo, bila shaka, aliyaona matundu kwa macho yake. Kuna pia uvujaji, na yeye mwenyewe analalamikia mizizi ya miti inayopasua kuta za mfereji. Mwaka 11 KK Seneti iliamuru iachwe nafasi ya futi 15 kila upande kwa sababu hiyohiyo. Na kuna kosa la kipimo chake. Vyote vimelala kitanda kimoja, na yeye ameshataja washukiwa: mafundi wa maji. Nilimwonea huruma, na nikajionea aibu.

Jambo la pili nimelipata kwenye orodha ambayo nilikuwa nimeiruka kwa sababu inachosha. Frontinus anaonyesha zile kwinaria 14,018 zilikuwa zinakwenda kwa nani. Ukijumlisha za ndani na nje ya mji, zilizotoka kwa jina la mfalme ni zaidi ya 3,400. Za watu binafsi, wenye barua ya mfalme ya kuwaruhusu kuvuta bomba hadi nyumbani au shambani, ni 6,192. Na mabeseni ya umma ya mitaani, 591 kwa idadi, ambako mtu asiye na barua alikwenda na mtungi wake, yote kwa pamoja yalipata 1,335. Haifiki sehemu moja ya kumi.

Nisimwonee. Maji yale yalikuwa yanamwagika mchana kutwa na usiku kucha, kwa hiyo hata hiyo sehemu ndogo ilijaza mitungi mingi. Tena wakati wake kila beseni lilikuwa linawekewa midomo miwili kutoka mifereji tofauti, ili mmoja ukikatika watu wasikose. Hilo ni jambo jema na aliliandika kwa fahari. Na mapato ya maji, karibu sesta 250,000 kwa mwaka, yaliyokuwa yameishia kwenye sanduku la mfalme Domitian, Nerva aliyarudisha kwa umma. Ila katika kitabu kizima sikukutana na mtu hata mmoja aliyesimama kwenye beseni. Wenye barua wapo. Mafundi wapo, na matundu yao. Na wale waliokuwa wananunua yale maji ya chini ya barabara, mwenye mgahawa, dobi, mpangaji wa ghorofa ya juu anayechoka ngazi, tunajua tu kwamba mabomba yao yalinyofolewa.

Mwezi uliopita nilimsomea Mama. Sikuwa nimepanga, alikuwa anachambua mchele, mimi nimekaa na simu, akauliza nasoma nini siku zote hizi. Nikamtafsiria kipande cha bwana wa matundu, taratibu, nikiruka majina. Alisikiliza hadi mwisho mkono ukiwa ndani ya ungo.

"Huko Ulaya?"

"Roma. Zamani sana, Mama. Miaka elfu moja na mia tisa."

"Na wenyewe walikuwa wanachimbia chini ya barabara?"

"Chini ya mawe ya barabara."

Akatikisa kichwa, nikaona anakadiria kina. Akarudi kwenye mchele, akatoa kokoto moja, akaitupa uani. Halafu akaniuliza ndoo walikuwa wanauza shilingi ngapi.

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Angalia vizuri," akasema.